Kinasa Kikilikataa Faili, Lisome Faili Kwanza

Ndugu wanamuziki, maprodyuza, mafundi mitambo, na ninyi mliokuja leo na vinasa vyenu mabegani, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie tatizo moja tu: faili la sauti linalokataa kuingia kwenye kinasa cha kidijitali cha traki nyingi. Nimelikubali ombi hilo kwa furaha, maana sijui tatizo jingine linalowakatisha watu tamaa kama hili. Ngoma zimepangwa vizuri kwenye kompyuta, mwimbaji yuko tayari, kadi imechomekwa, menyu ya kuingiza imefunguliwa, halafu kioo kinaandika kwamba hakuna faili. Au kinaonyesha jina la faili, mtu anabonyeza, kinamjibu kuwa aina hiyo haikubaliki. Maelezo yanaishia hapo. Kioo cha mistari miwili hakina nafasi ya kutoa sababu, kwa hiyo mwenye kinasa anaanza kubahatisha. Anafomati kadi. Anabadilisha jina la faili. Ananunua kadi nyingine. Anakirudisha kinasa kwenye mipangilio ya kiwandani. Na katika kubahatisha huko watu wamefuta nyimbo ambazo hazitarudi tena, kwa sababu ya faili moja lililokuwa na kasoro ya baiti mbili.

Nasema baiti mbili na nitawaonyesha ni zipi. Lakini kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Kinasa hakina hasira wala hakibahatishi. Kinasoma mwanzo wa faili, kinalinganisha kilichoandikwa pale na orodha fupi ya mambo kinayoyajua, kisha kinakubali au kinakataa. Chanzo cha kukataa kipo ama kwenye njia, yaani kadi na folda, ama ndani ya faili lenyewe, ama kwenye wimbo uliokwisha kuufungua kwenye kinasa. Kazi ya fundi ni kujua ni wapi kati ya hapo, kabla hajagusa kitu kingine chochote.

Wengi mtauliza: mbona faili hilohilo linapiga vizuri kwenye kompyuta na kwenye simu? Ni kwa sababu kompyuta imetudekeza. Programu ya kupiga muziki imebeba ndani yake vifunguzi vya karibu kila aina ya faili, na ikikuta kasi ya sampuli, yaani idadi ya vipimo vya sauti kwa kila sekunde, isiyolingana, inabadilisha kimyakimya bila kukuambia. Kinasa kina kazi tofauti. Hebu tupige hesabu. Traki moja ya biti 24 kwa sampuli 48,000 kila sekunde ni baiti 144,000 kwa sekunde. Traki 24 zikipiga pamoja ni karibu baiti milioni tatu na nusu kila sekunde, zinasomwa kutoka kwenye kadi bila kukatika, na wakati huohuo traki mpya zinaandikwa kwenye kadi hiyohiyo. Ndiyo maana kinasa kinataka namba ghafi, zisizobanwa, zilizopangwa kwa mpangilio kinaoujua. Hakina muda wa kufungua faili lililobanwa katikati ya kazi hiyo. Ukilielewa hilo, ukali wake hautakuudhi tena.

Sasa jaribio ambalo nawasihi mlifanye kabla ya lolote. Fungua wimbo mpya mtupu. Rekodi sekunde kumi za sauti yako kwenye traki ya kwanza, hata kuhesabu tu kunatosha. Kisha tumia menyu ya kinasa chenyewe kulitoa faili hilo kwenye kadi. Linakili kwenye kompyuta, usilifungue wala kulihifadhi upya kwa programu yoyote. Lipe jina jipya fupi, lirudishe kwenye kadi, ndani ya folda ambayo kitabu cha kinasa chako kinaitaja, kisha jaribu kuliingiza.

Likiingia, umejua kwamba kadi ni nzima, folda ni sahihi, kebo ni nzima, na wewe mwenyewe unaijua menyu. Tatizo limebaki ndani ya lile faili la mwenzako. Likikataa faili ambalo kinasa kimelitengeneza chenyewe, basi acha kabisa kulishughulikia faili la mwenzako, kwa sababu halijafikiwa bado. Shida iko njiani. Jaribio hili huchukua muda mfupi na hukata nusu ya maswali kwa mara moja. Tena lina faida ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi: sasa mkononi una faili ambalo kinasa chako kinalipenda. Huhitaji kukisia kinataka nini. Lifungue, lisome, kisha tengeneza mengine yafanane nalo.

Nianze na njia, na huko sitakaa sana. Angalia kitufe kidogo cha kufuli kilicho pembeni mwa kadi ya SD. Angalia ukubwa wa kadi. Kadi za SDHC, zilizokuja mwaka 2006, zinaishia GB 32 na hutumia mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT32. Za SDXC, zilizotangazwa mwaka 2009, zinaanzia juu ya hapo na hutumia exFAT. Kinasa kilichoundwa kwa ajili ya SDHC hakina wajibu wa kuielewa kadi ya GB 64, hata kama inaingia kwenye tundu bila shida. Kadi ifomatiwe ndani ya kinasa chenyewe, baada ya kunakili kila kilichomo, maana kufomati hufuta vyote. Na kinasa kinapounganishwa na kompyuta kwa kebo ya USB, vinasa vingi huacha kazi ya kurekodi na kugeuka kuwa hifadhi tu. Usipokiondoa kwa usalama kwenye kompyuta, faili linaweza kuwa limenakiliwa nusu, na orodha ya folda haijaandikwa yote.

Folda yenyewe ni jambo la kusoma kitabu. Vinasa vingine vina folda moja maalumu ya mafaili yanayosubiri kuingizwa, na faili likiwekwa nje ya hapo halionekani kabisa. Vingine vya zamani kidogo huigawa kadi sehemu mbili, moja ya nyimbo ambayo kompyuta haiwezi kuiona, na nyingine ya kubadilishana mafaili. Na baadhi huweka orodha ya traki ndani ya faili la wimbo, kwa hiyo ukidondosha faili la WAV, yaani la sauti ghafi isiyobanwa, moja kwa moja kwenye folda ya wimbo bila kupita kwenye menyu ya kuingiza, kinasa hakijui kwamba kuna kitu kipya. Jina nalo liwe fupi, kwa herufi za kawaida na tarakimu, bila nafasi, bila alama za ajabu.

Wenye kompyuta za Apple wana kisa chao, na naomba wasikilize. Mfumo wa macOS ukinakili faili kwenye kadi ya FAT32 au exFAT, mara nyingi huacha pembeni yake kijifaili cha siri ambacho jina lake linaanza na nukta na mstari wa chini. Faili lako ni NGOMA.WAV, na kando yake kuna ._NGOMA.WAV. Kwenye kompyuta hulioni. Kwenye kinasa unaliona vizuri kabisa, tena kwa kawaida linatangulia kwenye orodha kwa sababu ya ile nukta. Unalichagua, linakataa, nawe unaamini kwamba ngoma zako zimeharibika. Dalili yake ni ukubwa: aghalabu ni kilobaiti nne tu, hakuna wimbo wa ukubwa huo. Yafute yote kwa amri ya dot_clean -m ukitaja kadi yako, au chagua tu lile lisiloanza na nukta.

Basi tuingie ndani ya faili, na hapa ndipo nitakapokaa.

Jina la faili si ushahidi. Ukichukua MP3 ukalibadilisha herufi za mwisho kuwa WAV, umebadilisha jina, hukubadilisha kilichomo. Kompyuta italipiga hivyohivyo kwa sababu inachungulia ndani. Kinasa nacho kinachungulia ndani, kinakuta si WAV, kinakataa. Na Windows kwa kawaida huficha zile herufi za mwisho, hivyo unaweza kuwa na faili linaloitwa ngoma.wav.mp3 huku wewe ukiona ngoma.wav tu. Washa mpangilio wa kuonyesha herufi hizo leo hii, kabla ya kulala.

WAV ni mpangilio uliowekwa na Microsoft na IBM mwaka 1991. Ni kama barua iliyo ndani ya bahasha: juu ya bahasha kumeandikwa ni sauti ya aina gani, njia ngapi za sauti (mono au stereo), sampuli ngapi kwa sekunde, biti ngapi, na ndani ndimo zilimo namba zenyewe za sauti. Katika faili la kawaida kabisa, maelezo hayo yote, yanayoitwa kichwa cha faili, huchukua baiti 44 za mwanzo. Arobaini na nne tu. Mtu yeyote anaweza kuzisoma kwa macho yake. Kwenye Mac au Linux andika xxd -l 64 kisha jina la faili. Kwenye Windows fungua faili kwa programu yoyote ya kuonyesha baiti. Kila baiti huandikwa kwa tarakimu au herufi mbili, kwa hesabu ya msingi wa 16.

Herufi nne za kwanza lazima ziwe RIFF. Ukikuta ID3, au baiti FF FB, hilo ni MP3 lililovaa jina la WAV. Ukikuta OggS, hilo ni aina ya faili linalotumwa kama ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Ukikuta fLaC, ni FLAC, aina nyingine ya sauti iliyobanwa. Neno ftyp likianzia kwenye baiti ya tano, hiyo ni M4A, ambayo simu nyingi hurekodi. FORM ni AIFF, mpangilio wa Apple wa mwaka 1988, ambao namba zake zimepangwa kinyume na za WAV. Kwa jicho moja tu umejua kwa nini kinasa kimekataa, na hujagusa kitufe hata kimoja.

Endelea mbele. Baada ya RIFF kuna baiti nne za ukubwa, kisha neno WAVE, kisha fmt na nafasi moja. Hesabu kuanzia sifuri hadi baiti ya 20 na ya 21. Hizo ndizo baiti mbili nilizowaahidi. Zikiwa 01 00, sauti ni namba ghafi za kawaida, na karibu kila kinasa kitazikubali. Zikiwa 03 00, sauti imehifadhiwa kwa desimali, aghalabu biti 32, na vinasa vingi vya traki nyingi haviijui aina hiyo, ingawa baadhi ya vipya vinaijua. Zikiwa FE FF, hapo pana jambo ambalo limewasumbua watu wengi sana bila wao kujua.

FE FF ni alama ya kichwa kirefu cha WAV. Kilibuniwa baadaye ili kuelezea sauti za njia nyingi na biti zaidi ya 16 kwa ufasaha zaidi. Ndani yake sauti inaweza kuwa namba ghafi zilezile, biti 24 zilezile, hakuna tofauti hata ya sampuli moja. Lakini kinasa kilichofundishwa kutambua 01 00 peke yake kikiona FE FF kinasema hakijui. Na nani anaandika kichwa hicho? Programu ya FFmpeg hukiandika unapotoa WAV ya biti 24. SoX nayo hivyohivyo. Kwa hiyo mtu anafuata maelekezo yote, anabadilisha faili kuwa biti 24 na sampuli 48,000 kama kinasa kinavyotaka, anahakiki kila namba, zote ziko sawa, na bado linakataliwa. Mtu wa namna hii ndiye anayeishia kukilaani kinasa, nami namwelewa kabisa.

Watengenezaji wa SoX waliliona tatizo hilo, wakaweka aina maalumu iitwayo wavpcm kwa ajili ya mashine zisizosoma kichwa kirefu. Amri ni sox ngoma.wav -b 24 -r 48000 -t wavpcm ngoma2.wav. Faili jipya litakuwa na 01 00 pale panapotakiwa. Ukitumia biti 16 tatizo hili kwa kawaida halijitokezi, ndiyo maana baadhi ya watu husema kinasa chao “hakipendi biti 24” wakati kinazipenda sana, ila hakipendi bahasha yake.

Tukiwa bado hapo: baiti ya 22 na 23 ni idadi ya njia, 01 00 kwa mono na 02 00 kwa stereo. Ya 24 hadi 27 ni kasi ya sampuli. Ukiona 44 AC 00 00, hiyo ni 44,100. Ukiona 80 BB 00 00, ni 48,000. Ya 34 na 35 ni biti: 10 00 ni biti 16, 18 00 ni biti 24. Ukizisoma mara chache utazitambua kama unavyotambua namba ya simu ya ndugu. Na ukikuta kwamba baada ya WAVE hakuna fmt bali kuna neno JUNK au bext, usishtuke. Programu za kitaalamu huweka hapo nafasi ya akiba, au maelezo ya utangazaji yaliyowekewa kanuni na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya mwaka 1997. Kisheria ni WAV halali. Lakini kinasa chenye usomaji finyu kinatarajia fmt palepale, kisipoikuta kinakata tamaa. Dawa ni kulipitisha faili kwenye programu nyepesi, kama Audacity au SoX (kwa ile aina ya wavpcm), ikalitoa upya bila maelezo ya ziada.

Asiyetaka kusoma baiti kwa macho atumie MediaInfo au amri ya soxi, zitamwambia yaliyo mengi kwa maneno. Mimi bado napendelea baiti, kwa sababu programu hizo nazo zinatafsiri, na wakati mwingine tofauti kati ya faili linaloingia na lisiloingia iko kwenye kile ambacho tafsiri imekilainisha. Weka faili la kinasa na faili la mwenzako ubavuni kwa ubavu. Tofauti itajitokeza yenyewe.

Kwa wanaotoa mafaili ya biti 32 za desimali: msiyageuze kuwa biti 24 kwa haraka. Desimali ina uwezo wa kubeba sauti iliyopita kiwango cha desibeli sifuri, kikomo cha juu cha sauti ya kidijitali, bila kupasuka. Ukiigeuza kuwa namba za kawaida, kila kilichopita sifuri kinakatwa bapa, na mkato huo hautoki tena. Angalieni vilele kwanza, yaani sehemu zenye sauti kubwa zaidi, mvishushe desibeli kadhaa, ndipo mgeuze.

Hadi hapa nimezungumzia faili linalokataliwa. Sasa nizungumzie lile linaloniogopesha zaidi, nalo ni faili linalokubaliwa lakini linaingia vibaya.

Kila wimbo kwenye kinasa huzaliwa na kasi yake ya sampuli, 44,100 au 48,000, na kwenye vinasa vingi huwezi kuibadilisha baada ya wimbo kufunguliwa. Baadhi ya vinasa hukataa faili lisilolingana, na hao ni waungwana. Vingine hulibadilisha vinapoliingiza. Vingine hulipokea kama lilivyo na kulipiga kwa kasi ya wimbo. Faili la 48,000 likipigwa kwa 44,100 linakuwa polepole kwa asilimia nane hivi, na sauti inashuka karibu nusu toni moja na nusu. Wimbo wa dakika nne kamili unakuwa dakika nne na sekunde 21. Ukiwa kinyume, la 44,100 kwenye wimbo wa 48,000, dakika nne zinageuka dakika tatu na sekunde 40, na mwimbaji anasikika mdogo kuliko umri wake.

Hatari ni kwamba ngoma tupu zikishuka hivyo mtu anaweza asigundue. Anaona mwendo ni mzito kidogo, anaupenda, anaanza kurekodi besi. Besi haikubaliani na kinanda kilichomo, basi anashusha nyuzi za gitaa zifuate. Nawasihi, gitaa lisifuate kosa la faili. Njia ya kujilinda ni rahisi: andika urefu wa faili kwenye kompyuta kabla ya kuliingiza, kisha linganisha na urefu wake kwenye kinasa. Ukitofautiana, lifute, libadilishe kasi ya sampuli kwa programu, liingize upya. Na kabla ya kulaumu faili, hakikisha kitufe cha kubadilisha mwendo wa kinasa hakijaachwa kimewashwa tangu kazi ya jana, kwa sababu dalili zake ni zilezile.

Kuna anayeuliza kwa nini dunia ina kasi mbili zinazokaribiana hivi. Ile ya 44,100 ilitokana na enzi ambapo sauti ya kidijitali ilihifadhiwa kwenye kanda za video: sampuli tatu kwa kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde, au mistari 294 mara 50 kwa nchi zenye mfumo mwingine. Zidisha, zote zinakupa 44,100. CD zilizoanza kuuzwa mwaka 1982 zikairithi. Kazi za filamu na video zikakaa kwenye 48,000. Tumeachiwa zote mbili, na faili lililotoka kwenye video litaendelea kugongana na wimbo uliofunguliwa kwa kipimo cha CD. Amueni mapema wimbo wenu ni wa kasi gani, kabla ya kubonyeza kitufe cha kufungua wimbo mpya.

Tatizo jingine la aina hii ni traki kuingia nje ya wakati. Mwenzako ametoa traki kumi kutoka kwenye kompyuta. Ngoma inaanza mwanzo, kwaya inaingia kwenye kiitikio, naye katoa kila moja kuanzia pale inapoanza kusikika. Kwenye kinasa zote zinaketi kwenye sekunde sifuri ya wimbo, na kwaya inaimba juu ya utangulizi. Hakuna namna ya kinasa kujua kwaya ilikuwa wapi. Mwambie azitoe zote upya kuanzia sifuri, hata kama dakika mbili za mwanzo ni kimya kitupu. Kimya hicho kina thamani. Mimi huomba pia mlio mfupi mmoja uwekwe mwanzoni mwa kila traki, sehemu ileile, ili nikizipanga niweze kuhakiki kwa sikio na kwa jicho.

Na msikubali traki za kufanyia kazi katika MP3, hata kama kinasa chenu kinaziingiza. Sizungumzii ubora wa sauti sasa. Kubana na kufungua MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni, kwa kawaida zaidi ya sampuli 1,000, yaani zaidi ya sehemu 20 za elfu ya sekunde. Programu zingine hukiondoa, zingine hazikiondoi. Traki moja ya MP3 kati ya traki tisa za WAV itacheza nyuma ya wenzake kwa kiasi ambacho husikii kama kosa, unasikia tu kwamba bendi imelegea.

Mafaili yaliyorekodiwa kwenye mashine mbili tofauti yana shida ya polepole zaidi. Saa za ndani za mashine mbili haziendi sawasawa kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu kwa kila milioni, baada ya saa moja zimeachana kwa sehemu 72 za elfu ya sekunde. Kwa wimbo wa dakika nne hutaona. Kwa tamasha zima utaona, na hilo halirekebishwi kwenye menyu ya kuingiza. Likate faili vipande, wimbo kwa wimbo, kisha panga kila kimoja mahali pake.

Kuhusu stereo niseme kwa ufupi. Vinasa vingi huhitaji jozi ya traki zilizounganishwa ili kupokea faili la stereo, na kama umechagua traki moja ya mono, faili ama litafichwa kwenye orodha ama litakataliwa. Besi na sauti ya mwimbaji mmoja hazina sababu ya kuja katika stereo. Zifanyeni mono, mtaokoa traki.

Mwisho ni faili lililokatika. Umeme umezimika au betri imekwisha katikati ya kurekodi. Faili lipo, lina megabaiti 300, lakini kinasa na kompyuta zote zinasema urefu wake ni sifuri. Hapa watu hulifuta, na inaniuma kila ninaposikia. Kinachotokea ni kwamba vinasa vingi huandika urefu wa sauti kwenye kichwa cha faili mwishoni kabisa, mtu anapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, nafasi ile imebaki na masifuri, lakini sauti yenyewe imo kwenye kadi. Usirekodi kitu kingine chochote kwenye kadi hiyo. Nakili faili kwenye kompyuta, fungua Audacity, nenda kwenye kuingiza data ghafi, chagua biti zilezile ulizokuwa ukirekodi, njia zilezile, kasi ileile, na uiambie iruke baiti 44 za mwanzo. Ukisikia mngurumo mzito badala ya muziki, usikate tamaa. Katika biti 24 kila sampuli ni baiti tatu, na ukianza kusoma baiti moja mbele au nyuma unapata kelele tupu. Ongeza mruko kwa baiti moja, sikiliza, ongeza nyingine. Kwa mono, ndani ya majaribio matatu muziki utatokea. Litoe kama WAV mpya, kisha liingize kama kawaida.

Ninachowaomba mkirudi kwenye kazi zenu ni kuandika ujumbe mmoja na kuuhifadhi, ili mtu yeyote anayetaka kuwatumia traki aupate kabla hajazitoa. Uandikwe hivi: WAV, biti 24 za kawaida wala si desimali, kasi ya sampuli ileile ya wimbo wetu, mono isipokuwa palipo na stereo ya kweli, zote zianze sekunde sifuri na ziwe na urefu mmoja, majina mafupi yaliyo na namba mbele, na vilele visifike desibeli sifuri. Mkiongeza na lile faili la sekunde kumi lililotoka kwenye kinasa chenu, anayetoa traki atakuwa na mfano wa kufuata, naye atawashukuru.

Nimeleta kompyuta yenye SoX na Audacity, na msomaji wa kadi. Mwenye faili linalomkatalia aje nalo hapa mbele, na kitabu cha kinasa chake kama anacho, tulifungue na kusoma baiti zake pamoja.